Safu ya Penseli

Asubuhi napima korosho kwenye ghala, Naliendele:
gunia, jiwe, namba, stakabadhi.
Jioni navuka mji hadi uwanja wa saruji wa Shangani,
nakaa kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi,
napima mabinti wa watu.

Nina daftari la kwaya tatu, jalada jekundu, pembe zimeliwa.
Safu zake nilizipiga rula mwenyewe:
pointi, ribaundi, pasi, faulo.
Nikadhani nimemaliza.

Msimu uliopita ukurasa wa Asumini Chipanda
ulijaa hadi nikaandika pembezoni.
Ishirini na moja. Kumi na tisa. Ishirini na nne.
Redio ikamtaja kabla ya bei ya ufuta.
Muuza pweza wa stendi akakataa hela yake.
Watoto wa Chikongola wakachorana namba tisa mgongoni, kwa mkaa.

Kisha akaja Kocha Ng'itu
na mabinti wake watatu kutoka Masasi,
warefu, watiifu, hawaulizi.
Asumini akapewa dakika tano,
tano za mwisho wa robo ya pili,
watu wakiwa wamekwenda kununua karanga.

Tatu. Mbili. Sufuri. Tatu.

Ndivyo nilivyoandika. Sikusema uongo,
na hilo ndilo linaloniuma,
kwa sababu mji husoma namba kama tangazo la msiba:
jina, siku, basi.
Bodaboda wa Ligula wakatunga lao:
Asumini wa zamani, wa sasa yuko benchini.
Yule wa pweza akaanza kuhesabu chenji.

Mimi ni mtu wa mizani.
Najua mizani haipimi korosho iliyo bado mtini,
wala haisemi kwamba mti umekufa.
Nawajua na watu wa kangomba:
hupima shamba zima kwa bakuli,
kisha humlaumu mkulima kwa udogo wa bakuli.

Usiku umeme ulipokatika nikawasha tochi ya simu,
nikagawanya.
Pointi ishirini na moja kwa dakika thelathini na sita.
Pointi tatu kwa dakika tano.
Nikarudia, nikidhani nimekosea kuweka nukta.
Ni yuleyule.
Tena huyu wa benchini anamzidi yule wa redioni,
unywele tu.

Lakini nisijidanganye.
Dakika tano za mwenye pumzi mpya
si dakika ya thelathini na tatu,
goti linawaka,
na mlinzi wa Lindi keshaujua mkono wako wa kushoto.
Kuzidisha ni rahisi, hakutoki jasho.
Na ile sufuri nayo ni yake, sikumwandikia mimi.
Huenda angefika ishirini. Huenda angekwama kwenye tisa.
Nani ajue, ikiwa hakuna anayemwacha achoke?

Nikapiga mstari mmoja zaidi, wa penseli.
Kalamu iliisha wino, au niliogopa.
Juu yake nikaandika: DAKIKA.

Jumamosi akaja kijana kutoka Dar es Salaam, viatu vyeupe,
anatafutia chuo wachezaji.
Akaomba daftari. Kidole kikashuka,
tatu, mbili, sufuri, tatu,
kikasimama hapo, kabla ya penseli.
"Huyu ndiye mliyekuwa mnamsema?"
"Sogea kulia kidogo," nikasema.
Simu yake ikaita.

Mechi ikaisha. Taa zikazimwa, luku isije ikaisha.
Asumini akabaki.
Namsikia, simwoni: mpira, saruji, mpira,
kimya kile cha mpira uliomo hewani,
halafu chuma. Halafu tena,
wavu.
Daftari nilikwisha kulifunga kwa utepe wa tairi la baiskeli.
Mlinzi wa geti akatikisa funguo.
"Mpe tano," nikamwambia,
kisha nikajisahihisha.